Mwenzangu ni fundi wa kazi, lakini wagonjwa wanamwogopa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 26, mhudumu wa gari la wagonjwa. Tangu nianze kazi nimepangiwa zamu na mtu mmoja, nami nitamwita Kaka kwa sababu ndivyo ninavyomwita kila siku. Amenizidi umri kwa mbali, na ujuzi ndio usiseme. Nimemwona akipata mshipa kwa mgonjwa niliyekwisha kumkatia tamaa, tena ndani ya gari linaloruka mashimo. Nimemwona akimzibua njia ya hewa mtoto aliyepaliwa huku mama mtu amezimia pembeni. Kama mimi ndiye nitakayeanguka kesho, naomba aje yeye.

Tatizo ni jinsi anavyoonekana na anavyojiweka. Shati halichomekewi, na mara nyingi lina madoa ya zamu iliyopita. Ndevu ameziachia. Buti hazifungwi kamba, rifleta, ile fulana ya kung'aa barabarani, anaivaa wazi ikipepea. Anavuta sigara kati ya mwito na mwito, kwa hiyo tunaingia nyumbani kwa mtu mwenye pumu tukinuka moshi. Mdomoni nako hana breki: mgonjwa mnene anamwita "mzigo" redioni, mlevi anamwita "mteja wetu wa kila siku". Wanaomjua tangu zamani wanasema hakuwa hivi, eti yeye ndiye aliyekuwa akiwakagua wengine kola na kucha. Mimi nimemkuta hivi hivi.

Majuzi tuliitwa kwa bibi mmoja aliyeteleza bafuni. Mwanawe alitufungulia, akamtazama Kaka kuanzia utosini hadi kwenye buti, akasema, "Nimeomba watu wa hospitali, si nyinyi." Akasimama mlangoni. Alitaka kuona vitambulisho, na Kaka chake alikiacha garini. Tukabaki tukibishana huku bibi analia ndani. Mwishowe nikamwambia yule kijana, "Tusamehe, huyu mwenzangu ndivyo alivyo, lakini mama nitamwangalia mimi." Akatupisha. Na kilichofuata kilikuwa somo tupu: Kaka alipiga magoti, akamshika bibi mkono, akajua nyonga imevunjika hata sijafungua begi, akamtuliza maumivu, tukamhamishia kwenye machela akiwa anatushukuru.

Tuliporudi garini hakunisemesha. Hadi leo tunaongea ya kazi tu.

Haikupita wiki, msimamizi akabandika tangazo: ndevu zinyolewe, tatuu zifunikwe, mashati yachomekewe, mikono ya shati iishie juu ya viwiko, buti zing'arishwe, jina liwe kifuani, chingamu na hereni marufuku. Kituo kimegawanyika. Vijana wanasema mgonjwa hatazami buti, anatazama kama atapumua. Na wapo wanaoamini mimi ndiye niliyepeleka maneno. Sikupeleka.

Ila kuna jambo nimelinyamazia. Kaka hupiga picha za ajali kwa simu yake na kuzitupia kwenye kundi letu la WhatsApp, "tujifunze". Safari moja uso wa majeruhi ulionekana wazi. Niliona, nikapita.

Shangazi, sare ni kazi au ni maonyesho? Nitamwambiaje aliyenifundisha kazi kwamba ajirekebishe? Na msimamizi ana haki ya kutuingilia hadi kwenye ndevu?

Ni mimi,
Mdogo Wake wa Zamu

Tena, nilisahau: mimi hujipulizia manukato ili kuzima harufu ya moshi wake. Ni vibaya?

* * *

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya safu hii nilikuwa muuguzi wa mapokezi ya dharura, upande ule wa mlango ambako machela zenu huingilia. Nimepokea wahudumu walionyooshwa pasi hadi kwenye kola ila hawajui mgonjwa wao anaitwa nani, na nimepokea wa namna ya Kaka yako. Kwa hiyo sina ushabiki wa pasi.

Barua yako imenisumbua mahali pamoja. Umelalamikia buti, shati, rifleta, sigara na ndevu kwa kirefu, kisha picha ya uso wa majeruhi ukaitaja mwishoni, kwa sentensi chache, karibu na manukato. Mimi nitaanza nayo, kwa sababu hiyo si habari ya mwonekano wala si ya kusubiri Kaka apatikane akiwa na moyo mweupe.

Mtu aliyelala kwenye lami hajakubali kupigwa picha, na hana hata nguvu ya kukataa. Kutunza siri ya mgonjwa kumo katika kile kiapo cha kale cha Kigiriki kinachohusishwa na Hippocrates, cha zaidi ya miaka 2,000, na leo nchi nyingi zimeiingiza katika sheria. Kuficha uso peke yake hakusaidii sana: namba ya gari, kiatu, tatuu ya mkononi, kimoja tu kinamtosha mke kumtambua mumewe. Simu nyingi huhifadhi picha zenyewe mtandaoni dakika ileile, na kundi lenye watu 30 ni simu 30. Ipo familia iliyojua msiba wake kwa picha ya kutumiwa, huku daktari akiwa bado anatafuta chumba cha kukaa nao. Hao nimewaona mimi.

Ipo picha yenye sababu. Daktari wa upasuaji akiona usukani ulivyopinda anajua atafute nini kifuani mwa dereva. Lakini hiyo hupigwa pale utaratibu wa kituo unaporuhusu, kwa kifaa cha kazi, bila mtu ndani yake. Inaonyeshwa kwa daktari au kuingizwa kwenye jalada, na safari yake inaishia hapo. "Tujifunze" si mojawapo ya sababu hizo. Anayetaka kufundisha ana maneno, ana ubao, ana mwanasesere wa mazoezi.

Basi mwambie leo: picha zifutwe kwenye simu yake na kundini, na suala la ule uso lazima msimamizi alijue. Mpe nafasi aende mwenyewe, na ukiweza fuatana naye. Asipokwenda kabla ya zamu yenu inayofuata, nenda wewe, waziwazi, naye akijua unakwenda. Wenzako watasema umepeleka maneno. Waache waseme. Majeruhi yule hana wa kumsemea hapo kituoni isipokuwa walioiona picha, na mliiona wote.

Sasa tuje kwenye nguo.

Vijana wenu wanasema mgonjwa hatazami buti, anatazama kama atapumua. Wamesema kweli kuhusu mgonjwa aliyekwisha kufikiwa. Wamemsahau mtu wa mlangoni. Yule kijana aliyewazuia hakuwa na namna yoyote ya kujua kwamba mikono ya Kaka ina ujuzi ule. Hawezi kupima elimu yenu, hawezi kusoma vyeti vyenu, na mama yake analia sakafuni. Alichonacho ni macho, pua na sekunde chache. Ameona shati lenye madoa, amenusa sigara, ameomba kitambulisho hakipo. Ungekuwa wewe, ungewapisha? Ujuzi wa Kaka ulianza kuonekana baada ya mlango. Hadi hapo alikuwa mgeni mchafu anayetaka kuingia bafuni kwa bibi wa watu. Hiyo ndiyo kazi ya mwonekano, na sioni nyingine kubwa kuizidi: kushughulikia zile dakika ambazo mtu bado hajaona unachoweza.

Jambo hili ni la zamani. Katika maandishi ya tiba ya Wagiriki wa kale imeandikwa kwamba tabibu awe safi mwilini, avae vizuri, na anukie. Lakini kazi yenu nyinyi ni changa mno ukiilinganisha na utabibu, na heshima yake haikurithiwa. Huko Marekani, hadi miaka ya 1960, sehemu nyingi wagonjwa walibebwa na magari ya kampuni za mazishi, kwa sababu tu gari la jeneza lilikuwa na nafasi ya mtu kulala. Mwaka 1967 mjini Pittsburgh ikaanzishwa huduma iliyoitwa Freedom House. Wahudumu wake wa mwanzo walikuwa Wamarekani weusi ambao mji wao wenyewe ulikuwa ukiwaona watu wasioajirika; daktari Peter Safar, yule aliyechangia sana mbinu za kufufua pumzi na moyo, akasimamia mafunzo yao hadi wakawa miongoni mwa bora nchini. Nao walisimama milangoni mwa watu wasiowaamini, wengine wakikataa kabisa kuguswa na mikono myeusi. Walikuwa wanabeba ubaguzi ambao shati safi haliuondoi, na ni udhalimu kwamba walitakiwa kujithibitisha mara mbili ya wengine. Mwaka 1975 jiji likaichukua huduma na kuweka yake, na wengi wao wakaondolewa kidogo kidogo. Ninakutajia hao kwa sababu imani mnayoikuta leo mlangoni, pale mnapoikuta, kuna watu waliipata kwa taabu. Kaka anaitumia bila kuiongeza.

Na ile nyota ya buluu ambayo wengi wenu mnaibeba begani au ubavuni mwa gari nayo ina kisa. Magari ya wagonjwa kule yalikuwa yakitumia msalaba wa rangi ya chungwa, Msalaba Mwekundu wa Marekani ukalalamika kwamba unafanana mno na nembo yake, ambayo inalindwa na Mikataba ya Geneva. Ndipo mwaka 1973 afisa wa serikali, Leo Schwartz, akachora nyota yenye mikono 6 na fimbo yenye nyoka katikati. Kila mkono una kazi yake: kugundua, kutoa taarifa, kuitikia, huduma pale pale, huduma njiani, na kumkabidhi mgonjwa hospitali. Huo wa sita ndio mimi niliuona kila siku, na nitaurudia.

Lile tangazo ukutani lisome tena ukiwa na swali moja: hili linamlinda nani, au linamwambia nini mgonjwa? Likikosa jibu la kwanza na la pili, ni ladha ya msimamizi tu.

Ndevu zina jibu, lakini pengine si lile alilolifikiria yeye. Barakoa za kuchuja hewa za aina ya N95 hufanya kazi kwa kubana ngozi. Kichujio kinazuia angalau asilimia 95 ya chembe ndogo zinazopita ndani yake. Hewa inayopenya kando, kwenye ndevu, haijapita ndani ya chochote. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinakataza moja kwa moja nywele baina ya ngozi na ukingo wa barakoa ya kubana. Masharubu yasiyofika ukingoni hayana neno. Kwa hiyo Kaka akiingia kwa mgonjwa wa kifua kikuu na ndevu hizo, anayemdhulumu ni mapafu yake mwenyewe, na baadaye wewe unayekaa naye kwenye gari lililofungwa vioo. Lakini barakoa nyepesi ya upasuaji haitegemei kubana namna hiyo. Msimamizi anayesema "nyoeni" wakati hajawahi kuwapima kama barakoa zinawakaa usoni, wala hana N95 za kutosha kwenye gari, anatafuta sura, hatafuti usalama. Na mwenye ndevu kwa sababu ya imani yake asitupwe nje ya kazi kabla hajaulizwa kama upo uwezekano wa kofia ya kujifunika yenye feni ndogo ya kusukuma hewa, ambayo haibani uso. Ni ghali, lakini ipo.

Rifleta ni ya kufa na kupona, na hapa Kaka amenikasirisha. Kile kitambaa cha rangi kali hung'aa kwa nuru ya mchana. Usiku kinafifia, na kinachobaki ni vile vipande vya fedha vinavyomrudishia dereva taa zake. Ukiiacha wazi, ikapepea nyuma, dereva anayekuja mbele yako anaona shati la rangi ya giza katikati ya barabara. Ifungwe. Buti nazo zifungwe kamba, hasa mkiwa mmebeba machela kwenye ngazi, na zioshwe damu. Kuzing'arisha ni hiari ya anayependa.

Mikono ya shati ni suala gumu kidogo. Uingereza mwaka 2007 ilitangaza kwamba wahudumu wa hospitali wawe wazi kuanzia viwiko kwenda chini: hakuna mikono mirefu, saa wala bangili wanapomhudumia mgonjwa, ili viganja na vifundo vya mikono vioshwe sawasawa. Madaktari walibishana sana kuhusu ushahidi wake, lakini mantiki ya kuosha inaeleweka. Sasa ukiichukua kanuni ya wodini na kuibandika kwa mtu anayeingiza mkono kwenye dirisha la gari lililovunjika, umemvua kinga. Kwenye vioo na vyuma, jaketi la mikono mirefu. Ukiingia kumgusa mgonjwa, kunja, takasa mikono, vaa glavu. Mwambieni msimamizi hivyo, atawaelewa.

Kucha tangazo limesahau kuzitaja, na ndizo ningezianza mimi. Shirika la Afya Duniani linasema kucha za asili zisizidi nusu sentimita, na za bandia zisivaliwe na anayewagusa wagonjwa. Kitakasa mikono kisuguliwe sekunde 20 hadi 30, wala si kule kupangusa mnakokufanya mkiwa mnatembea, maana nimewaona. Kamba ya kitambulisho shingoni iwe ile inayofunguka ikivutwa; mgonjwa aliyechanganyikiwa akiishika ya kawaida, atakunyonga. Hereni ndogo iliyobana sikio haimdhuru mtu. Ya kuning'inia itavutwa na mtoto. Chingamu ni adabu tu, huwezi kumwambia mtu mama yake amefariki huku unatafuna.

Tatuu? Kama haina tusi wala chuki, sioni inamlinda nani ikifunikwa. Hapo vijana wana haki ya kugombana.

Nimemaliza nguo haraka kwa sababu kuna lililo zito kuliko nguo, nalo ni ulimi. Mgonjwa mnene anayeitwa "mzigo" redioni huenda amelala mita mbili kutoka kwenye redio hiyo. Hata asiyejibu, aliyefumba macho, usimhesabu kuwa hasikii. Najua utani wa kazi hizi. Sisi wa mapokezi tulikuwa na wetu, na bila huo wengine tusingemaliza mwezi. Una mahali pake: chumba cha mapumziko, mlango umefungwa, hamna ndugu wa mgonjwa, hamna simu inayorekodi. Redioni sema uzito kwa makadirio na uombe watu wa kusaidia kubeba. Hilo linatosha.

Jina nalo. Alikuwepo daktari Mwingereza, Kate Granger, aliyekuwa akiugua saratani. Mwaka 2013 akiwa amelazwa alitambua kwamba wengi wanaomhudumia hawajitambulishi, akaanzisha kampeni ya kuwataka wahudumu waanze tu kwa kusema, "Hujambo, naitwa fulani." Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 34, na kampeni ilikwisha kusambaa katika nchi nyingi. Mlangoni kwa bibi yule, kama Kaka angetangulia na jina lake na kazi yake, na kitambulisho kifuani, nadhani hata shati lingesamehewa.

Sasa wewe.

"Huyu mwenzangu ndivyo alivyo, lakini mama nitamwangalia mimi." Hebu isome sentensi yako kwa masikio yake. Umemwambia mteja, mbele ya mtu aliyekufundisha kushika sindano, kwamba yeye ni aibu na wewe ndiye mtaalamu. Nia yako ilikuwa kuufungua mlango na uliufungua, sikatai. Lakini ulimnunua yule kijana kwa kumuuza Kaka. Kwenye nyumba ya mgonjwa nyinyi ni timu moja. Akikuona wewe mwenyewe humwamini mwenzako, kwa nini yeye amwamini na nyonga ya mama yake? Ungeweza kusema, "Una haki ya kutuuliza. Mimi naitwa fulani, huyu ni mkubwa wangu wa kazi, kitambulisho chake kiko garini nakileta sasa hivi. Mwache amwone mama wakati nakifuata." Mlango uleule ungefunguka. Nidhamu ya kazi ni pamoja na hiyo ya kutomvua mwenzako nguo mbele za watu, hata akiwa amezivaa vibaya.

Ndiyo maana hakusemeshi, na ndiyo maana mazungumzo yenu yataanzia kwako. Usiyafanye mbele ya wengine, wala mkiwa mnakimbilia mwito. Mkishamaliza kusafisha gari, machela imepanguswa, mwambie: "Kaka, siku ile kwa bibi nilikusema vibaya mbele ya watu. Naomba unisamehe." Nyamaza. Mwache aseme lake hadi aishe. Akiisha, ndipo useme, "Na mimi nina jambo langu, unaniruhusu?" Akikuruhusu, taja kitu kimoja alichokifanya na kilichotokea, usimtaje yeye alivyo: "Yule kijana alitusimamisha mlangoni, bibi akaendelea kuumia. Natamani tungeingia moja kwa moja." Usianze na "watu wanasema", wala usimletee orodha uliyoniletea mimi. Picha, kama nilivyosema, ni mazungumzo mengine na hayasubiri haya.

Halafu muulize swali ambalo barua yako imelipita mbio. Umeandika kwamba zamani yeye ndiye aliyekuwa akiwakagua wengine kola na kucha. Mtu wa namna hiyo haamki tu siku moja akaacha kufunga kamba za buti. Mimi nimeona wahudumu wakichakaa hivyo hivyo: kwanza shati, kisha ulimi, kisha sigara zinaongezeka, kisha hawataki kurudi nyumbani baada ya zamu. Kazi yenu inawaonyesha vifo ambavyo watu wengine hawavioni maisha yao yote, na baadhi ya hivyo havitoki kichwani. Huenda si hilo. Huenda ni ndoa, ni madeni, au amechoka tu na msimamizi. Lakini muulize, "Kaka, uko sawa? Wanaokujua wananiambia ulikuwa mtu mwingine." Akikwambia halali, au kuna mwito mmoja unaomrudia kila akifumba macho, hapo tangazo la ukutani halina dawa. Anahitaji mtu wa kuongea naye aliyesomea hiyo kazi, na pengine likizo. Mwandamane naye akaombe.

Shati lenye madoa nalo liulizie. Ana mashati mangapi? Vituo vingi vinatoa sare chache kisha vinashangaa mtu akimaliza zamu ndefu na damu kwenye pindo. Mkienda kwa msimamizi kuhusu tangazo, msiende na manung'uniko. Nendeni na maombi: shati la akiba ndani ya kila gari, mashine ya kufulia hapo kituoni ili damu ya wagonjwa isifuliwe pamoja na nguo za watoto wenu, na kupimwa barakoa. Akikataa hayo yote na bado anataka buti zing'ae, mtakuwa mmejua anachokithamini.

Kuhusu ule mkono wa sita wa nyota. Kwa miaka yangu yote pale, sikuwahi kuamua kumwamini mhudumu kwa sababu ya buti. Niliamua pale alipoegesha machela, akanitazama usoni, akanitajia jina la mgonjwa, kilichompata, alichokikuta, alichompa na saa aliyompa, kisha akamwambia mgonjwa, "Sasa nakuacha na dada huyu." Chini ya dakika moja. Nina hakika Kaka anaijua hiyo. Mwombe akufundishe, kama bado hajakufundisha. Mtu anayeombwa kufundisha hujinyoosha mwenyewe.

Manukato yaache nyumbani. Harufu kali huweza kumbana mgonjwa wa pumu, na ukiichanganya na moshi umempelekea balaa mbili ndani ya gari moja lililofungwa. Kaka akivuta, avute mbali, akiwa na jaketi ambalo haingii nalo kwa mgonjwa, anawe mikono na uso kabla ya kupanda. Hilo mwambie hata kesho, halihitaji kikao.

Shangazi